Upande wa Mlangoni

...umeme umekatika, vifaa vyote hivi vya bei mbaya na hawana hata jenereta, nasubiri mtu aseme samahani, hakuna anayesema, feni iko palepale juu inazunguka, naisikia, sasa feni inazungukaje bila umeme... "Soma, baba," muuguzi anasema, kaniziba jicho la kulia kwa kijikombe cheusi, nisome herufi za ukutani, nisome nini mwanangu na mmezima taa, "Hatujazima, baba, taa inawaka," taratibu, kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, na mimi si mgonjwa, nimekuja kwa sababu jicho la kushoto linauma siku ya tatu sasa na kichwa kinagonga, nipewe dawa ya matone nijiondokee, saa nane watoto wanatoka shule na basi nimeliegesha hapo nje... "Vidole vingapi?" huyo sasa ni daktari, kijana mdogo tu, nasikia shati lake likichakarika karibu na pua yangu, nataka kusema viwili, watu wengi huonyesha viwili, nikibahatisha nitapata, lakini "Sioni," nasema, na mwenyewe nashtuka kujisikia nikisema. Hata mwanga, anauliza, huu hapa, huuoni... mwanga upi, na hili jicho si lilipona, nilipasuliwa miaka miwili iliyopita, retina ilibanduka, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, wakairudisha, wakajaza mafuta ya silikoni ndani yaikandamize isibanduke tena, nikalala kifudifudi siku kumi, mke wangu ananinywesha supu kwa mrija huku ananicheka eti nimekuwa mjusi, na nikaona, haki ya Mungu niliona, ukungu kidogo lakini niliona... "Mafuta yalitakiwa kutolewa ndani ya miezi sita, mzee wangu," daktari anaendelea, "yamevunjikavunjika vitone vidogo vidogo, yameziba njia ya maji ya jicho, presha humo ndani ya jicho imepanda, mshipa wa kuona..." na mke wangu alisema, nenda ukayatoe, nikamwambia muhula ndio kwanza unaanza, na kitu kinafanya kazi unakifungulia nini, mimi ninayebadilisha oili ya basi kabla ya siku yake, mimi huyohuyo, kichwa kigumu, akaenda zake jikoni, heri angenigombeza. "Presha tutaishusha leo, kisha tuyatoe, lakini kuona siwezi kukuahidi," anasema, "sasa niambie, tangu lini jicho hili halioni?" Tangu lini, nitajuaje, sijawahi kuliziba lile jingine, nani anakaa nyumbani kwake akajiziba jicho, asubuhi nimeona foleni, nimeona taa nyekundu, nimewafikisha watoto arobaini na mmoja, wananiita Anko Polepole... kwa jicho moja, na lililokufa ni la kushoto, upande wa mlangoni, upande wanaoshukia. Naogopa. "Mzee?" Jumatano, yule binti wa darasa la kwanza, matroni wa basi alipiga kelele nikakanyaga breki, binti kasimama kwenye kona ya bampa, kona ya kushoto, chupa yake ya maji imepondeka chini ya tairi, nikasema huyu katokea wapi, nikashuka nikamfokea mama yake aliyekuja kumpokea, mbele za watu, mfundishe mwanao barabara, mimi nina macho mawili tu... muuguzi bado kashikilia kijikombe chake, mkono unanukia sabuni, najisikia nikisema nipigieni simu shuleni, watafute dereva mwingine wa saa nane, na wa kesho, na wa... na yule mama hakunijibu vibaya, alimshika mtoto mkono, akaniambia samahani anko, hatarudia tena.