Maneno Ishirini na Manne ya Mama Lemayian

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilishiriki nikakonda hadi sketi ikaanza kunishuka. Leo nitasema yote. Niliyemwonea wivu ni Dinah, Mama Lemayian, ambaye mimi mwenyewe, Wacuka, ndiye nilimfundisha kushona ngozi.

Alikuja kwangu Noonkopir, hapa Kitengela, miaka sita iliyopita akijua shanga tu. Shanga siwezi kumnyima, alizaliwa nazo. Lakini mkanda, kiatu, mkoba, hiyo ni sindano yangu. Nilimwonyesha kutoboa, kuvuta uzi, kufunga fundo kwa ndani lisionekane. Sasa basi! Mwanafunzi akarudi kwao Kajiado, akapata wateja Ulaya wanaomlipa kwa bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, akajenga nyumba ya mawe. Na mimi? Wateja wangu wa ng'ambo ni wale aliniachia yeye, wale hana muda nao. Makombo, jamani. Nikayala, lakini nikayala nimenuna.

Hata hivyo, kwa miaka miwili bitcoin zangu zilikuwa zimefika bei ya mashine ya kushonea ngozi. Niliihitaji kweli. Vidole vyangu vimeanza kufa ganzi, na bila mashine, mwaka mmoja au miwili hivi sitashika sindano tena. Pesa hiyo yote ilikaa ndani ya simu, na simu hapa Kitengela inaweza kunyakuliwa ukiwa bado unasema "halo".

Ndipo Dinah akanipigia. "Mama Ciku, kale kakifaa ka kuwekea bitcoin kamefika. Nilikaagiza kwa watengenezaji wenyewe. Kuja uone vile kanafunguliwa, ndio na wewe uagize kako."

Nikaenda. "Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai. "Iko," nikajibu, na chai ikaja, ya maziwa matupu. Kitu chenyewe ni kidogo, chatoshana na kibiriti, kina kiskrini. Akakagua boksi pande zote kama limewahi kufunguliwa. Akakiwasha, akaweka namba ya siri akiwa amenipa mgongo. Kikamwambia kiko tayari kumpa maneno ishirini na manne, na kwamba mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa, hata kifaa kipotee au kivunjike. Dinah akachukua kalamu na karatasi, akanitazama.

"Mama Ciku, tafadhali toka nje kidogo."

Mimi! Na kikombe mkononi! Nikasimama uani na mbuzi wake, chai inapoa, nikiwaza: kwangu alilala kitanda kimoja na watoto wangu, leo mimi ni mwizi. Aliponiita ndani karatasi ilikuwa imeshafichwa. Akanieleza mengine: usiyapige picha, usimsomee mtu, weka kidogo kwanza, halafu ukifute kifaa na ukirudishe kwa maneno yako uone kama karatasi iko sawa. Nilisikia nusu. Masikio yangu yalikuwa bado nje na mbuzi.

"Nikuagizie?" akauliza.

"Nitajinunulia," nikasema.

Kuagiza ni wiki tatu. Mimi nikakipata kwa kibanda kimoja cha simu hapa mjini, siku hiyohiyo, nusu bei. Muuzaji alikuwa na mdomo wa asali. Akaniambia changu ni cha kisasa, hakina usumbufu wa kuandikaandika. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi ngumu yenye sehemu ya kukwaruza: namba ya siri juu, maneno ishirini na manne chini. Nilifurahi, wueh! Maisha yangu yote nimekwaruza kadi za credit ya simu kwa ukucha. Hata laini ya simu inakuja na namba zake kwenye kadi. Nikaona hiki ndicho kitu halali, na cha Dinah ndicho cha kizamani, mtu mzima ameinama na kalamu kama mtoto wa darasa la tatu.

Jumamosi, nikiwa karibu kuhamisha pesa, nani huyo mlangoni? Dinah, bila hata kupiga simu, ameukumbatia mkoba wake. Kifaa kiko mezani, kadi nimeifunika na kitabu cha nyimbo.

"Umepata kako! Haki nimefurahi. Umenunua wapi? Na maneno, kamekupa kenyewe kwa skrini ama..."

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu siku ya mbuzi.

"Mama Lemayian," nikasema polepole, na tabasamu, "tafadhali toka nje kidogo."

Akaukaza mkoba kwapani. Kisha akasema, "Ni sawa. Ndio inafaa." Akatoka. Nikatuma pesa, si kidogo kwanza, zote. Halafu nikamwacha hapo juani muda wa kusonga ugali, makusudi kabisa. Nilipofungua mlango alikuwa ameenda. Nikajiona mshindi, nikala chapati tatu.

Jumatatu nikafungua kifaa. Sufuri. Nikazima, nikawasha. Sufuri. Nikakimbia kwa kile kibanda, nikakuta kufuli, na mama wa mahindi hapo kando akaniambia jamaa alihama jana na mabegi yake. Mashine yangu ikaenda hivyo. Nilikaa kwa mawe ya barabarani nikiangalia vidole vyangu.

Sikuwa na mwingine wa kuendea. Nikaenda Kajiado. Dinah aliichukua kadi, akaigeuza pande zote mbili, akaketi chini.

"Hii si credit, Mama Ciku. Maneno yanafaa yazaliwe ndani ya kifaa, wewe ukiangalia. Yakija yameandikwa, kuna mwenye aliyaandika. Huyo alikuwa anangoja tu uweke."

"Si ungeniambia!" nikapiga kelele. Ndiyo, ni mimi nilipiga kelele.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nauliza ukanitoa nje."

"Na wewe ulinitoa kwa nini?"

"Yanaandikwa mtu akiwa peke yake. Hata Baba Lemayian nilimtoa. Alikuwa hapo nyuma na ndama, hukumwona?"

Sikumwona. Niliona mbuzi tu, na aibu yangu.

Dinah akaingia chumbani, akarudi na ule mkoba wa Jumamosi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na kipande cha ngozi nyekundu.

"Karatasi ziko mbili," akasema. "Moja inakaa hapa. Ya pili lazima ikae mbali, siku nyumba hii ikiungua. Jumamosi ile nilikuletea. Nilitaka uishone ndani ya ngozi ukae nayo. Mshono wako naujua, mtu akiufungua nitajua."

Ngai! Nikasema lililokuwemo moyoni.

"Mama Lemayian, mimi nakuonea wivu."

"Najua. Tangu nyumba ya mawe." Akanisukumia sindano na uzi. "Shona."

"Baada ya haya yote? Bado unataka niwe nayo mimi?"

"Niko na mwingine?"

Halafu akachukua kikombe chake cha chai, akatoka nje, akasimama uani na mbuzi, akaufunga mlango nyuma yake. Akaniacha peke yangu na maneno yake ishirini na manne.

Nitakuwa mwongo nikisema wivu uliisha hapo. Ulikuwepo, umeketi nami mezani, unaitazama ile karatasi. Lakini sikuikunjua. Nilishona pande zote nne kwa vidole vyenye ganzi, nikafunga fundo kwa ndani lisionekane, vile nilimfundisha.