Farao na Mtamba wa Mwandu

Tangu Jumapili, ng'ombe mtamba wa Mwandu alikuwa amefungwa kwenye mpera nyuma ya jiko la Theopista. Aliingia kwenye jaruba la mama huyo, akala mpunga uliokuwa ndio kwanza unatoa masuke, na Theopista akamkamata kwa mkono wake mwenyewe.

Mwandu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mpimbwe na familia yake, alikuja kuomba msamaha. Akarudi na mwenyekiti wa kitongoji. Akarudi tena, akaahidi mahindi ya kufidia. Kila mara Theopista alijibu, "Bado." Bado nini, hakusema.

Alhamisi jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwake, na zamu ya kusoma ilikuwa yake. Lilikuwa somo la Musa kumwambia Farao awaachie watu waende zao, na Farao anakubali, kisha moyo wake unakuwa mgumu tena. Theopista alisoma vizuri, kwa sauti yake ya kwaya. Nyuma ya jiko mtamba akalia. Mtu mmoja akakohoa.

Katekista Amedeus akauliza, "Haya ndugu zangu, hiyo Misri iko wapi?"

"Mbali huko, kaskazini," mama mmoja akajibu.

"Hiyo ni ya kwenye ramani. Mimi naulizia ile iliyo ndani ya mtu. Humo ndani, nani amefungwa? Na Farao ni nani?"

Hakuna aliyemtazama Theopista, na hilo ndilo lililomchoma. Tangu mumewe Makarius afariki, watu walikuwa wakikatiza shambani kwake kama njia ya wote: huyu kasogeza mpaka, yule kageuza maji. Mtamba ndiye wa kwanza ambaye Theopista aliweza kumshika. Kumbe na yeye alikuwa amejifunga. Usingizi haukuja, kicheko hakikuja, hata kwaya alikuwa akiimba kwa mdomo tu.

"Mimi sina la kusema," Theopista alimwambia Amedeus.

"Si lazima useme, mama."

Kulipokucha alifungua kamba, akamswaga mtamba taratibu hadi kwa Mwandu. Njiani moyo ulimwambia arudi naye. Akaendelea kutembea.

"Shikamoo, mama," Mwandu alisema, akiwa na wasiwasi.

"Marahaba. Nimekuletea mnyama wako."

"Na mahindi?"

"Utaleta, mpunga umeliwa kweli. Lakini huyu sikuwa na sababu ya kumweka. Nilikuwa Farao."

Mwandu, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, akauliza, "Huyo Farao ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Mpimbwe," akasema Theopista, na kicheko kikamponyoka, kikamshangaza mwenyewe.

Mke wa Mwandu alimletea kigoda na maziwa ya mgando. Palizi ilikuwa ikimsubiri shambani. Hata hivyo Theopista akaketi, akanywa polepole, akawauliza watoto majina yao.