Isale kwa Mama Mkwe

Odilia alisikia panga likikata migomba, akajua shemeji yake Melkior ameanza. Alikuwa ameapa kilabuni kwamba matanga ya kaka yake Kastori yakiisha, mjane atarudi kwao Rombo na kihamba, shamba la ukoo, kitabaki na wenyewe. Odilia akawasukuma watoto uvunguni mwa kitanda, akatia komeo mlangoni.

"Toka, mke wa Kastori!" Melkior alipayuka huko nje. "Au unamngoja padri aje kukutetea?"

Wenzake wakacheka, na katika kicheko kile Odilia aliitambua sauti ya balozi wa nyumba kumi. Basi kwa balozi hakuna msaada. Aliyeweza kumzuia Melkior ni mama yake mzazi peke yake, bibi Anyesi, naye hakuwa amesema na mkwewe tangu mazishi. Siku ile Odilia alikataa mbuzi wa mizimu asichinjwe kaburini, akamfokea bibi mbele ya ukoo mzima kwamba Kastori ni wa Kristo.

Akapiga magoti. Sala zote alizofundishwa zilimkimbia, akabakiwa na maneno machache tu: "Bwana, twende wote." Aliyarudia hadi vidole vikaweza kufungua dirisha la nyuma, akatokea hapo.

Mpakani mwa kihamba akachuma jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa na mtu anayeomba radhi hawezi kulikataa. Akavuka mfereji ameinama, kila jani lililotikisika akidhani ni Melkior, hadi uani kwa bibi Anyesi.

"Shikamoo, mama."

Bibi Anyesi aliendelea kumenya ndizi. Odilia akapiga magoti, akamnyooshea isale kwa mikono miwili.

"Sasa umemkubali mbuzi?" bibi akauliza.

Neno "ndiyo" lingetosha. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi, na watoto wake wako uvunguni.

"Hapana, mama. Mbuzi namkataa hata leo. Naomba radhi kwa kukufokea siku unamzika mwanao."

"Una kiburi wewe."

"Nina hofu, mama. Melkior yuko kwangu na panga, na wajukuu zako wako ndani."

Kisu kikasimama. Bibi alilitazama jani lile kama anayetazama nyoka njiani, kisha akalipokea. Hakutamka kwamba amesamehe. Aliinuka tu, akatangulia.

Melkior alipomwona mama yake na isale mkononi, alishusha panga.

"Mama, huyu amewadharau wazee wetu!"

"Alinidharau mimi, na mimi nimepokea. Toka kwa wajukuu zangu!"

Balozi ndiye aliyetangulia kuondoka. Melkior alimsogelea Odilia hadi akamnukia pombe ya mbege.

"Mama amezeeka," alinong'ona. "Sali sana aishi."

Jioni Odilia alisali, akamtaja bibi Anyesi kabla ya watoto wake mwenyewe. Alijua kwamba nusu ya sala ile ilikuwa hofu, akampa Mungu yote vilevile.