Salamu Zilizoijaza Seva

Enyi wananchi wa Kasulu na vitongoji vyake, leo historia imeandikwa: tovuti ya shule yetu ya bweni, fahari ya nyanda za juu, imezimika. Imezimika tena, yaani. Hata uji tulikuwa hatujanywa.

Mwalimu Saady, anayetufundisha kompyuta kwa kujitolea, alikaa mbele ya seva kama anayeuguza mgonjwa. Bodi ya shule ilikuwa inakuja asubuhi hiyo kuamua kama ataajiriwa, na kazi pekee ya kuwaonyesha ilikuwa hiyo tovuti. Wakikataa, anarudi kwao Kibondo.

"Kumbukumbu inajaa," alisema. "Nikiiwasha upya inashuka, halafu inapanda polepole mpaka seva inakata roho."

"Labda picha za mahafali, mwalimu," nilisema kwa huzuni ya kanisani.

Akaondoa picha. Ikapanda. Akafunga ukurasa wa matokeo. Ikapanda. Kezia, kiranja wa klabu yetu ya kompyuta, alikuwa akisoma asilimia kwa sauti hadi mwalimu akamwomba anyamaze. Tukabaki kuutazama mstari wa kumbukumbu ukipanda kwenye kioo, kama watu wanaotazama mto ukiyafuata mahindi yao.

"Pole, mwalimu."

"Pole haishushi kumbukumbu, Kezia."

Mwishowe akainakili kumbukumbu yote kwenye faili, aone nini hasa kimeshikiliwa mle ndani. Kezia akainamia kioo.

"Mwalimu, ni salamu. Salamu tupu! Kila anayefungua ukurasa anaambiwa 'Mwakeye' kwa Kiha, kisha anaulizwa habari za nyumbani, za mihogo, za mbuzi..."

"Mbona hazifutiki?"

"Zinangoja kujibiwa. Na hakuna mahali pa kujibia."

Mwalimu akashika kichwa. "Nani huyo anayeona vibaya kufuta salamu?"

"Mtu wa kijiji cha Titye," alisema Kezia. "Sikiliza hii: 'Mbuzi wa bibi Ininahazwe hajambo?'" Akanigeukia. "Wewe Niyomwungere wa Titye, bibi yako anaitwa nani vile?"

Gari la bodi lilikuwa linaingia getini. Nilikohoa. Haikusaidia.

"Ininahazwe," nikasema. "Ni mimi, mwalimu. Nilitaka watu wacheke tu. Na kwetu, kumtupia mtu salamu kisha usingoje jibu ni ufidhuli, kwa hiyo nikaziacha zingoje."

"Zitoe! Haraka!"

"Mwalimu," nikasema, "mimi nilijifunza kuziweka tu."