Aliyeshika Kazi Hii Kabla

Tangu saa mbili asubuhi Mastura hakutulia. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, akasimama, akaenda kunywa maji asiyoyataka, akarudi kukaa. Alikuwa ametoka Mtama alfajiri kuja Lindi mjini kwenye usaili wa usimamizi katika kiwanda cha kubangua korosho. Ulikuwa wa saba tangu amalize chuo. Katika zile sita za kwanza, kila alipoulizwa kama ana swali, alisema hana, akashukuru, akatoka. Hakuna aliyempigia simu.

"Safari hii uliza," rafiki yake Clemence alikuwa amemsisitizia jana yake. "Ukinyamaza wanadhani huna haja na kazi."

Ndani walikuwa wawili: meneja, Bwana Edwin, na afisa utumishi, dada Cecilia. Majibu yalimtoka vizuri.

"Una swali kwetu?" Bwana Edwin akauliza.

Alikusudia kuuliza habari za likizo. Likamtoka swali lingine.

"Aliyeshika kazi hii kabla, aliondoka kwa nini?"

Meneja akaacha kuandika. "Alipata kazi kwingine."

Cecilia aliinamisha macho, na Mastura akamwona.

"Na glavu je? Wabanguaji wanapewa kila baada ya muda gani? Mama yangu alibangua korosho miaka kumi na moja. Mafuta ya maganda yalimla vidole hadi akashindwa kufunga kifungo."

"Binti, umekuja kuomba kazi au kutukagua?"

"Kuomba kazi, bosi. Ila nitakaowasimamia wataniuliza mimi."

Cecilia akamgeukia meneja. Akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Edwin, tumwambie tu. Yule aliacha kwa sababu ya glavu hizohizo. Alizidai miezi minne."

Meneja akafunga faili. "Tutakupigia."

Mastura alirudi nyumbani akiamini ameiharibu nafasi mwenyewe. Shambani alipalilia mstari mmoja mara mbili bila kujua. Akajilaumu kwa kuuliza, kisha akakasirika kwa kujilaumu.

Siku ya tano Cecilia alipiga simu.

"Mdogo wangu, nafasi amepewa mwingine. Hakuwa na swali hata moja."

Mastura aliketi palepale kizingitini.

"Lakini glavu zimekuja leo. Pea mia mbili. Nilimwambia meneja, hata huyu mpya akinyamaza, atakuja mwingine atauliza. Amenuna, lakini amenunua."

"Sasa dada, mimi nicheke au nilie?"

"Hata mimi sijui."

Alipokata simu, hakucheka wala hakulia. Alizunguka uani mara tatu, mama yake akimtazama. Kisha akaingia ndani kutafuta kalamu. Jumatatu kulikuwa na usaili mwingine, Somanga. Akaandika maswali manne, akafuta mawili, akaongeza matatu.