Wodi Iliyogoma Kuitikia

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mke wangu Hilaria aliitikia salamu, na salamu hiyo ndiyo iliyomuua.

Mkaguzi wa bima alipita wodini na faili lake. Kazi yake ni kuangalia nani anastahili kuendelea kulala na nani anajaza kitanda bure. "Shikamoo mama, unaendeleaje?" Hilaria, kifua kimembana, akajibu kama alivyolelewa kwao Uru: "Marahaba mwanangu, sijambo kabisa, tunamshukuru Mungu." Ikaandikwa kwamba hana tatizo. Tukarudishwa nyumbani. Ijumaa akakata roho.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa.

Mwaka huu akalazwa Thadeus, kaka yake Hilaria, kifua kilekile cha ukoo wao. Daktari alisema asitoke mpaka aweze kupumua bila oksijeni. Basi nikakaa naye, nikaifundisha wodi nzima.

"Huyo binti wa bima akija na shikamoo yake, hakuna kuitikia. Mnagumia tu."

"Shemeji," Thadeus akashangaa, "mtoto anakuamkia halafu unanyamaza? Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Kanisa litakuzika vizuri sana."

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Nikawaambia hicho kikohozi wakitunze, kina kazi.

Alhamisi mkaguzi akaingia, yuleyule, anaitwa Evelyn, viatu vinalia ko, ko, ko.

"Shikamooni wazee wangu!"

Mzee Primus akajifunika shuka gubigubi. Praygod, aliyevunjika mguu, akashika tumbo na kugumia kama ng'ombe anayezaa.

"Jamani, leo mmenisusia?"

Nikaona midomo ya Thadeus inacheza. Nikamfinya paja. Nikamfinya tena. Wapi!

"Marahaba mwanangu!" ikamtoka. "Hatujambo kabisa! Za nyumbani? Mama hajambo?" Akaishiwa pumzi palepale, huku anatabasamu.

Kalamu ikakimbia. "Mzee huyu ametengemaa. Dawa atamalizia nyumbani."

Nikavuta begi lake kutoka chini ya kitanda, nikapanga nguo polepole, nikalifunga. Kisha nikatoa karatasi mfukoni.

"Sawa, binti. Ila mimi sikusoma, nisaidie. Daktari kasema alale, wewe unasema aende. Niandikie hapa kwamba umempima wewe, uweke na jina lako."

"Babu, mimi sipimi wagonjwa. Napitia mafaili."

"Basi aandike anayekutuma."

Akampigia mkuu wake. Mkuu akasema hilo ni la mkubwa wa Dar. Mkubwa wa Dar yuko kwenye kikao. Primus akafunua shuka kidogo: "Mwambieni tunamsubiri, hatuna haraka!"

Leo ni Jumatatu, na kikao hakijaisha. Bila jibu, hakuna wa kumtoa Thadeus. Amelala na oksijeni yake, anakunywa mtori, anaamkiwa na kila mfagiaji na kumjibu kwamba hajambo. Evelyn sasa anapita nje ya dirisha tu, haamkii mtu. Ijumaa nilimfuata hadi kwenye ngazi, nikamuuliza kwa adabu kabisa, naye akashuka, ko, ko, ko. Nikawauliza na wakubwa zake kwa simu, wakakata. Nawauliza tena hapa: huyu mzee akifia njiani, ni nani kati yenu aliyemwona kwamba amepona?