Utando Nyumbani kwa Mama

Kitindamimba alikuwa na nafasi moja tu ya kusomea udaktari, na ilikuwa ikimkodolea macho kutoka kwenye kompyuta. Si udaktari wa sindano na vidonge, jamani. Ule wa kusoma mpaka macho yaingie ndani. Profesa mmoja wa chuo cha mbali, mama wa miwani, alikuwa akitafuta mwanafunzi wa kuchunguza utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Kitindamimba akiikosa nafasi hiyo, basi, anarudi kuuza makava ya simu dukani kwa shangazi yake.

Alikaa sebuleni mbele ya kompyuta kwa usaili, juu blauzi ya pasi, chini suruali ya kulalia, kajikaza kisabuni. Mama yake alikuwa jikoni, masikio yote sebuleni. Alikuwa ameapa hatatia mguu humo mpaka usaili uishe, na angetimiza, wallahi, kama si swali lile.

"Haya," Profesa akasema, "tuje kwenye utando. Unaona tatizo gani hapo?"

"Utando wenyewe umejaa matundu," binti akajibu, "na hakuna anayejua yanafungwaje."

Jikoni sufuria ikaanguka.

Mama huyu unaweza kumtania umri, unene, hata mapishi, akacheka. Lakini kumwambia nyumba yake ina utando wa buibui! Alitokea na ufagio mrefu, kilemba kimekaa upande, akapanda kiti nyuma ya mwanawe.

"Uko wapi? Nimefagia jana mimi! Profesa, samahani, nionyeshe ni pembe ipi!"

"Mama!" Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nyamaza! Unakaa unaniumbua kwa watu, matundu, matundu, kama vile nyumba haina mwenyewe!"

Profesa alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. "Endelea," akasema, akifuta miwani. "Ulifika kwenye matundu."

Akaendelea. Alieleza chumvi inavyopenya na yeye atakavyoipima, huku ufagio ukipita juu ya kichwa chake na Mama akiguna kila linapotajwa neno utando. Katikati akasahau hata kuona haya, maana kazi hii aliipenda kweli.

"Anayeweza kufikiri katika hali hiyo ataiweza maabara yangu," Profesa akasema. "Nafasi ni yako. Miaka minne."

Mama akashuka kitini. "Miaka minne? Huko huko kwenu?"

"Huku huku, mama."

Binti alingoja kigelegele. Hakikuja. Mama alisimama tu na ufagio wake, machozi yanamtiririka.

"Hata soksi zake hajui kufua huyu," akamwambia Profesa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mimi nilikwambia uombe kwa sababu nilijua hawatakuchukua."

Hilo Kitindamimba hakulisomea. Akamkumbatia mama yake, yeye na ufagio wake, mbele ya kamera.